VYOMBO VYA KISASA NA ELIMU: KIPI KIFUNZACHO NA KIPI KIPUMBAZACHO?

Tumeletewa maswali mengi na wazazi juu ya simu na kompyuta mikononi mwa watoto wao. Mmoja auliza: Je, nimnyang'anye mwanangu simu kabisa? Wa pili auliza: Je, nimwachie, maadamu asema kwamba asomea kwayo? Na wa tatu, ambaye ni mwalimu, atulalamikia kuwa wanafunzi wake huleta majibu mazuri ya kazi za nyumbani, lakini akiwasimamisha ubaoni hawawezi kueleza hata mstari mmoja wa yale waliyoyaandika.

Tumeona ni wajibu wetu kuyajibu maswali haya kwa urefu kidogo, kwa sababu si maswali ya simu peke yake. Ni maswali ya kila chombo akitengenezacho mwanaadamu ili kimpunguzie taabu. Na twapenda kuanza kwa kutaja msingi, kwani asiyeujua msingi hubaki kuhukumu chombo kimoja kimoja, na vyombo havishi kuzuka.

MSINGI: KAZI ZIKO NAMNA MBILI

Iko kazi ambayo tunda lake liko nje ya mtu, na iko kazi ambayo tunda lake liko ndani yake. Mtu ateka maji kisimani kwa kuwa ataka maji. Akiletewa bomba mpaka mlangoni pake hakupoteza kitu alichokuwa akikitafuta. Amepata maji yale yale, na ameokoa wakati na mgongo wake. Chombo cha namna hii ni neema, na mwenye kukikataa kwa sababu tu wazee wetu hawakuwa nacho hana hoja.

Lakini mtazame mtu ajifunzaye kuogelea. Lau atamwajiri mwenziwe aogelee badala yake kila siku, na yeye akae ufuoni ahesabu mapigo ya mikono, hata baada ya mwaka mzima atazama siku ile ile atakayoanguka majini. Kuogelea hakuna uwakili. Kadhalika kusoma hakuna uwakili, wala kuhisabu, wala kupanga fikra na kuziandika. Taabu iliyomo katika kazi hizi si takataka ya kutupwa. Hiyo taabu ndiyo kazi yenyewe.

Basi kosa kubwa la zamani hizi zetu ni kuzichanganya kazi hizi mbili. Watu waona chombo kimewapunguzia taabu ya kuteka maji, wakadhani kila taabu ipunguzwapo ni faida. Mtengenezaji wa chombo naye husifiwa kwa jinsi kilivyo chepesi kutumika, wala haulizwi kinamwachia nini mwenye kukitumia.

UBAO WA CHUONI

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, natuanze na chombo tukijuacho sote hapa pwani, nacho ni ule ubao wa mti waliosomea wazee wetu chuoni. Wengi hudhani ubao ulitumika kwa sababu ya umasikini tu, kwamba karatasi ilikuwa ghali. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Mwenye kuutazama ubao kwa makini ataona kuwa umekusanya mambo manne ambayo mtengenezaji wa chombo cha elimu leo angelipenda kuyapata.

Kwanza, aliyeandika ni mwanafunzi, kwa mkono wake. Pili, nafasi ilikuwa ndogo, basi somo la siku likawa kadiri ya uwezo wa mtoto. Hakurundikiwa kitabu kizima mbele yake. Tatu, ubao haukuoshwa mpaka mtoto alisome somo lake mbele ya mwalimu na mwalimu aridhike. Kwa hivyo chombo chenyewe kilimlazimisha alichukue somo moyoni kabla halijafutwa. Nne, kosa lilikuwa wazi juu ya ubao, mwalimu na mwanafunzi wakiliona pamoja.

Walakini hatusemi haya ili kusifu ya kale bila ya kuyapima. Ubao ulikuwa na aibu yake. Haukumwuliza mtoto maana ya aliyoyaandika, na wako waliohitimu chuoni wakiwa wamehifadhi mengi bila ya kufahamu machache. Chombo huhifadhi lile kilichotengenezewa kulihifadhi, na hupuuza lile lililopuuzwa na mtengenezaji wake. Hii ni kaida, na tutaihitaji mbele.

KOBE WA PAPERT

Huo ni mfano wa kwetu. Sasa natumtazame mtu aliyeishika kompyuta kwa fikra iliyo karibu na hiyo. Seymour Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akafa mwaka 2016. Alisomea hisabati, kisha toka 1958 hata 1963 akafanya kazi mjini Geneva pamoja na Jean Piaget, mtaalamu mashuhuri wa namna watoto wanavyofikiri. Baadaye akahamia Marekani, katika chuo kikuu cha MIT. Mwaka 1967 yeye na wenziwe, miongoni mwao Wallace Feurzeig na Cynthia Solomon, waliitunga lugha ya kuiamrisha kompyuta, wakaiita LOGO. Mwaka 1980 akatoa kitabu chake, Mindstorms, kueleza fikra yake.

Zamani hizo waliotaka kuitia kompyuta darasani aghlabu walitaka iwe kama msimamizi: imwulize mtoto swali, mtoto ajibu, nayo iseme amepata au amekosa. Papert aliligeuza jambo hilo juu chini. Alisema kuwa si kompyuta imwendeshe mtoto, bali mtoto aiendeshe kompyuta, na katika kuifunza ile mashine afanye nini, mtoto ajifunze yeye mwenyewe.

Akatumia chombo kidogo kilichoitwa kobe. Mwanzo kilikuwa mashine ya magurudumu itambaayo sakafuni na kalamu tumboni. Baadaye kikawa alama ndogo juu ya kioo cha kompyuta. Kobe huyu hajui kitu ila amri chache: nenda mbele hatua kadhaa, pinda kulia au kushoto digrii kadhaa.

Sasa zingatia, ndugu msomaji, namna amri hizi chache zinavyofunza. Mtoto ataka kuchora nyumba. Aanza na mraba: mbele hatua 100, pinda kulia digrii 90, na arudie hivyo mara 4. Mraba watokea, naye afurahi. Kisha ataka kuchora paa, nalo ni pembetatu yenye pande tatu sawa. Shuleni ameambiwa kuwa kila pembe ya umbo hilo ni digrii 60. Basi aandika: mbele 100, pinda 60, mara 3. Kobe atenda kama alivyoamriwa, hazidishi wala hapunguzi. Na kitokeacho si paa, bali ni kama bakuli lililo wazi upande mmoja, yaani nusu ya umbo la pande 6.

Hapa ndipo penye siri ya chombo hiki. Hakikumwambia mtoto kuwa yeye ni mjinga, wala hakikumpa sufuri, wala hakikumrekebishia kimya kimya ili aone paa zuri na asijue alipokosa. Kimemwonyesha hasa kile alichokisema. Basi mtoto hulazimika kujiuliza. Ainuka, ajifanya yeye ndiye kobe, atembea sakafuni upande mmoja wa pembetatu, na afikapo kwenye ncha ahisi kwa mwili wake kuwa ampasa kugeuka sana kuliko alivyodhani. Aligundua kwamba kobe hageuki kwa pembe ya ndani ya umbo bali kwa ile ya nje, nayo ni digrii 120. Abadilisha amri, na paa latokea.

Wala haliishii hapo. Mtoto mwenye kutaka kujua zaidi ataona kuwa mraba ni digrii 90 mara 4, pembetatu ni 120 mara 3, na umbo la pande 6 ni 60 mara 6. Na zote ukizihisabu ni 360. Aliyelizunguka mara moja umbo ambalo njia yake haijikati, mpaka akarudi alipoanza akielekea alikoelekea mwanzo, amegeuka digrii 360 kwa jumla. Hii ni kanuni ya hisabati ambayo wengi wetu tuliipokea kwa kukariri. Mtoto wa kobe ameipata kwa jasho lake, na ya jasho haisahauliki upesi.

Fikra hii haikufa. Mwaka 2007 wanafunzi na warithi wa Papert katika MIT walitoa programu iitwayo Scratch, ambayo mtoto huunga amri kama vipande vya mchezo ili kutengeneza hadithi na michezo yake. Inatolewa bure, na lugha yetu ya Kiswahili ni miongoni mwa lugha zilizomo.

KUGAWA SI KUFUNZA

Pengine msomaji atasema: Ikiwa ni hivyo, basi kila mtoto na apewe kompyuta na mambo yatengenee. Jawabu yetu ni kwamba jambo hili lilijaribiwa, na yafaa tujue mwisho wake.

Mwaka 2005 Nicholas Negroponte, aliyekuwa mwenzi wa Papert katika MIT, alitangaza mpango wa kumpa kila mtoto masikini wa ulimwengu kompyuta yake ya bei ya dola 100. Nchi ya Peru ilinunua mamia ya maelfu ya kompyuta hizo. Kisha wachunguzi wa Benki ya Maendeleo ya Amerika wakazitazama shule 319 za mashamba nchini humo, wakalinganisha zilizopata na zisizopata. Mwaka 2012 walitangaza matokeo: kompyuta ziliongezeka sana, watoto wakazitumia, na kukaonekana dalili ya nafuu katika baadhi ya majaribio ya kufikiri, lakini katika hisabati na kusoma hapakuonekana ushahidi wa maendeleo yoyote.

Hapa Kenya nasi mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vyombo hivi kwa watoto wa madarasa ya mwanzo. Vilifika zaidi ya 1,000,000, katika shule zaidi ya 20,000. Baadhi ya shule zilivifungia makabatini kwa kuogopa wezi, na palipokuwa hapana mwalimu aliyejua la kufanya navyo, chombo kilibaki kuwa pambo. Na mwaka uo huo ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Kisumu juu ya kuwafunza watoto kusoma. Palilinganishwa kumpa chombo mtoto, kumpa mwalimu, na kumpa mkufunzi awazuruye walimu madarasani. Njia zote zilileta faida kwa sababu zilifuatana na vitabu vizuri na mafunzo ya walimu. Lakini kumpa kila mtoto chombo, ijapokuwa ni ghali, hakukuzishinda zile nyingine. Kwa hiyo mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015, ulimpa mtoto kitabu chake mwenyewe cha karatasi, na kompyuta ndogo ukampa yule azungukaye kuwasaidia walimu.

Tuseme kwa ufupi: chombo hakifunzi kwa kuwapo. Hufunza kwa namna kilivyotengenezwa, na kwa mtu aliyesimama kando yake.

CHOMBO KIMOJA, SURA MBILI

Sasa twafika kwenye lile linalowatia wazazi wasiwasi zaidi kuliko yote, nalo ni zile programu kama ChatGPT, ambazo mtu huziuliza kwa maneno ya kawaida nazo zikamjibu kama mtu. Mtoto huipa hesabu, ikamfanyia. Huipa kichwa cha insha, ikamwandikia. Je, hizi ni bomba la maji, au ni yule mwogeleaji wa kukodiwa?

Uko uchunguzi mmoja ulio wazi mno, nao ulifanywa nchini Uturuki mwaka 2023 kwa wanafunzi wa sekondari wapatao 1,000 katika somo la hisabati. Waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza walifanya mazoezi kwa vitabu na daftari zao tu. Fungu la pili walipewa programu ya kuwajibu lolote waulizalo. Fungu la tatu walipewa programu ile ile, lakini walimu walikuwa wameiandalia maelezo: ijue makosa ambayo wanafunzi huyafanya, na isimpe mwanafunzi jawabu, bali imwongoze hatua kwa hatua.

Wakati wa mazoezi, fungu la pili walilizidi la kwanza kwa asilimia 48, na fungu la tatu walilizidi kwa asilimia 127. Lau mambo yangeliishia hapo, kila mtu angelipiga vigelegele. Lakini baadaye walifanyishwa mtihani bila ya chombo chochote. Fungu la pili, wale waliopewa majibu, walianguka chini ya wale wa vitabu kwa asilimia 17. Fungu la tatu hawakuanguka; walikuwa karibu sawa na wenzao wa vitabu.

Katika habari hii mna mazingatio matatu. La kwanza, mashine ilikuwa ni moja. Lililotofautisha ni namna ilivyopangwa: hii hutoa jawabu, na ile huzuia jawabu na kutoa mwongozo. Basi asemaye kwamba mashine hizi zote ni sumu amekosea, na asemaye kwamba zote ni elimu amekosea vile vile. La pili, hata ile iliyopangwa vizuri haikuwapita wale wa vitabu katika mtihani. Iliwaepusha na madhara tu. Ni vyema wauzaji wa vyombo hivi wakumbushwe hilo wanapotuahidi miujiza. La tatu, nalo ndilo zito zaidi, wale walioanguka hawakujijua. Walipoulizwa, hawakuona kuwa wamejifunza kidogo kuliko wengine. Mwenye njaa hujua kuwa ana njaa akatafuta chakula; lakini aliyeshibishwa kwa upepo hatafuti kitu. Ujinga ujidhanio elimu ndio ugonjwa mgumu kuponyeka.

MIZANI YA MASWALI MANNE

Kutokana na yote tuliyoyataja, twampa msomaji mizani ya maswali manne. Kila chombo kiingiacho nyumbani mwako kwa jina la elimu, kiwe simu, kompyuta au kitu kitakachozuka kesho, kipime kwayo.

La kwanza: Kazi inafanywa na nani? Ikiwa chombo chafanya lile lile ambalo mtoto alikuja kujifunza, hicho ni mwogeleaji wa kukodiwa. Ikiwa chafanya kazi ya kando ili mtoto aifikie kazi yenyewe, hicho ni bomba la maji. Kuhisabu kwa kikokotoo ni hasara kwa mtoto ajifunzaye kujumlisha. Si hasara kwa mhasibu ambaye amekwisha kujua.

La pili: Kosa hufanywaje? Chombo chema hulionyesha kosa ili mtoto alisahihishe, kama kobe wa Papert na kama ubao. Chombo kibaya hulifuta kosa kabla mtoto hajaliona. Simu imsahihishiayo kila neno bila ya kumwambia imemwondolea aibu, na pamoja na aibu imemwondolea somo.

La tatu: Kikiondolewa, hubaki nini? Mtoto wa ubao, ubao wake ukioshwa, alibaki na somo lake. Mnyang'anye mwanao simu kwa saa moja, kisha mwambie akueleze alilolisoma kwayo. Kama aweza, chombo kimefunza. Kama hawezi, alikuwa akifunzwa kuishika simu tu.

La nne: Chamleta karibu na watu au chamtenga nao? Elimu yote tuliyoirithi ilipita kwa watu walioketi pamoja, huyu akisoma na yule akisikiliza. Chombo kimpacho mtoto swali la kumwuliza mwalimu wake ni rafiki wa elimu. Chombo kimwaminishacho kuwa hamhitaji mwalimu ni adui yake.

LIPASALO KUFANYWA

Wazazi twawanasihi wasikimbilie kunyang'anya wala wasikimbilie kuachia. Kunyang'anya kabisa ni kumwacha mtoto ajifunze chombo hiki mafichoni, kwa wenziwe wasiojua. Kuachia kabisa ni kumkabidhi kwa mtengenezaji ambaye hamjui mtoto wako, na faida yake ni mtoto asikiweke chini. Shartini ni moja, nayo ni nyepesi hata kwa mzazi asiyejua kusoma: kabla hajauliza simu, mtoto na ajaribu kwanza kwa kalamu, na baada ya kuiuliza, akueleze kwa maneno yake mwenyewe. Huhitaji kujua hisabati ili kumtambua mtoto anayebabaika.

Walimu twawanasihi waache kutoa kazi ambazo mashine huzimaliza kwa dakika moja, kisha wakalaumu watoto. Na waurudishe ule utaratibu wa mtoto kusimama akasomeshwa aliyoyaandika. Utaratibu huo hauna gharama, wala hauhitaji umeme.

Na khasa twazungumza na vijana wetu, nao si wachache leo Mombasa na Nairobi, ambao kazi yao ni kutengeneza programu. Ninyi mwashika kalamu iliyo na nguvu kuliko kalamu zetu, kwani aandikaye kitabu humwambia msomaji neno, na atengenezaye chombo humtia msomaji mazoea. Msijivunie tu kuwa chombo chenu ni chepesi. Jiulizeni kimeuondoa uzito gani: wa kuteka maji au wa kuogelea? Kifanyeni kimngoje mtoto ajaribu kabla ya kumsaidia. Kifanyeni kimwonyeshe alipopotea. Kifanyeni kiseme naye kwa lugha aiotayo usiku. Na msimsahau masikini mwenye simu ndogo isiyo na intaneti. Eneza Education, hapa hapa Kenya, walidhihirisha kuwa hata kwa ujumbe mfupi wa simu ya kawaida mwanafunzi aweza kuletewa somo, na maswali ya kujipima nyuma yake.

Tukumbuke ile kaida tuliyoitaja kwenye habari ya ubao: chombo huhifadhi lile alilolikusudia mtengenezaji wake, na hupuuza lile alilolipuuza. Ubao ulisahau maana, na tulilipa gharama yake kwa vizazi. Vyombo vya leo vikisahau juhudi ya mtoto, gharama itakuwa kubwa zaidi, kwa kuwa ubao ulikuwa mmoja chuoni kwa kila mtoto kwa saa chache, na hivi vyalala nao kitandani.

Na yeyote mwenye swali au mwenye kupinga tuliyoyasema na atuandikie kwa hoja, nasi tutayachapa maneno yake katika toleo lijalo pamoja na jawabu, inshallah.